Orodha ya Bennu, na yaliyo muhimu kuliko orodha

Kila yanapotangazwa matokeo mapya kuhusu vumbi lililoletwa kutoka Bennu, asteroidi mojawapo, yaani mwamba mdogo kuliko sayari unaolizunguka jua, swali ninaloulizwa ni moja: wamepata uhai? Hawajapata, na wala hakuna mkemia makini aliyetarajia kuukuta mle. Kilichopatikana ni molekuli za kaboni, nyingi mno, na miongoni mwake zimo zile ambazo miili yetu imejengwa nazo. Vichwa vya habari huyachukua majina hayo, vikayataja moja baada ya jingine, basi. Mimi kazi yangu ni kuchanganua molekuli za kaboni zilizomo kwenye mawe, na ripoti ya namna hii ikinifikia sianzi na majina. Naanza na majedwali ya nyuma ambayo wengi huyaruka: sampuli tupu (zisizo na jiwe, za kufichua uchafu wa maabara) zimeonyesha nini, isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) zikoje, na molekuli za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia zimegawanyikaje. Humo ndimo habari yenyewe ilimo.

Kwanza, mawe yenyewe. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kiligusa asteroidi Ryugu mara mbili mwaka 2019. Mara ya kwanza kiliokota vumbi la juu, na mara ya pili kilishuka karibu na shimo ambalo chenyewe kilikuwa kimelichimba kwa kuupiga uso wa asteroidi kwa kombora dogo la shaba, ili kipate vitu ambavyo havijachomwa na jua kwa muda mrefu. Kapsuli yake ilitua Woomera, Australia, tarehe 6 Desemba 2020 ikiwa na gramu 5.4. Chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilinyoosha mkono wake juu ya Bennu tarehe 20 Oktoba 2020. Uso ulikuwa tepetevu kuliko walivyodhani, mkono ukazama, na kikasombwa kifusi kingi hata vijiwe vikabana mlangoni na vumbi likaanza kuvuja angani. Hata hivyo kapsuli iliyotua katika jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023 ilikuwa na gramu 121.6, zaidi ya mara mbili ya gramu 60 zilizokuwa lengo la safari. Skrubu mbili kati ya 35 za kifuniko cha sampuli zilikataa kufunguka, na wahandisi wa NASA huko Houston ikawabidi watengeneze zana maalumu. Kifuniko kilifunguka Januari 2024. (Kuna Hayabusa ya kwanza pia, iliyoleta chembechembe za Itokawa mwaka 2010, lakini Itokawa ni asteroidi ya mawe makavu, kwa hiyo katika mazungumzo ya kaboni huwa haitajwi sana.)

Sasa, kwa nini kuhangaika hivyo ilhali vimondo hutuangukia bure? Swali hili ni la haki. Kimondo cha Murchison kilianguka Australia tarehe 28 Septemba 1969, zikaokotwa takriban kilo 100, na mwaka uliofuata tayari watafiti walikuwa wametangaza asidi amino, molekuli za aina ambayo protini hujengwa nazo, zilizotoka angani. Tangu hapo Murchison imekuwa ndiyo kitabu chetu cha kiada. Asidi amino, besi za naitrojeni (vijenzi vya DNA na RNA, molekuli zinazobeba taarifa za urithi), hata sukari ya raibosi, vyote vilishaonekana kwenye vimondo kabla ya Ryugu na Bennu. Anayesema kwamba Bennu imetuonyesha kwa mara ya kwanza kuwa kemia hii ipo angani hajui historia ya fani.

Tatizo la vimondo haliko katika kilichomo, liko katika kuaminika kwake. Kimondo hupita hewani kikiwaka nje, kikaanguka udongoni, kikanyeshewa, kikashikwa na mikono, kikakaa kwenye kabati la makumbusho miaka na miaka. Fani yetu ina visa vya kuchekesha vya jambo hili. Kimondo cha Orgueil kilianguka Ufaransa mwaka 1864. Miaka mia moja baadaye watafiti walifungua kipande chake kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya chupa, wakakuta mbegu za mmea. Uchunguzi wa mwaka 1964 ulionyesha kwamba mtu alizipachika mbegu hizo kwa gundi, pamoja na vipande vya makaa ya mawe, muda mfupi baada ya kimondo kuanguka. Nani, na kwa nia gani, hakuna aliyewahi kugundua. Miaka hiyohiyo ya sitini kuliibuka kundi lililodai kuona visukuku vya viumbe vidogo katika kimondo hichohicho. Baadhi ya vitu hivyo vikaja kuonekana kuwa ni chavua ya magugu ya duniani.

Na safari ya kuleta sampuli yenyewe si kinga. Chombo cha Stardust kilileta vumbi la nyotamkia Wild 2 mwaka 2006. Katika vipimo vilionekana vitu viwili waziwazi: glaisini, na asidi amino nyingine iitwayo asidi ya epsiloni-aminokaproiki. Hiyo ya pili ndiyo kijenzi cha nailoni-6, na ilitoka kwenye mfuko wa nailoni uliotumika kuhifadhia kifaa. Glaisini ilibidi isubiri hadi mwaka 2009, baada ya kupimwa isotopu za kaboni yake, ndipo ikatangazwa kuwa ni ya nyotamkia kweli. Waliotengeneza OSIRIS-REx walikuwa wameonja shubiri hiyo. Nailoni ilipigwa marufuku karibu na vifaa vya kuchotea sampuli. Kiwango cha asidi amino kilichoruhusiwa kwenye nyuso zinazogusa sampuli kilikuwa nanogramu 180 kwa sentimita moja ya mraba, kisizidi hapo. Hata mafuta ya injini, haidrazini, yalisafishwa mno kuliko kawaida, kwa sababu moshi wake ungeweza kupaka uso wa Bennu misombo ya naitrojeni kabla mkono haujagusa, nasi tungekuja kuisoma misombo hiyo kama ya asteroidi.

Anayeona tahadhari hizo ni za kupindukia, nina mfano mwingine. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walieleza yaliyoipata chembe moja ya Ryugu, A0180, iliyokuwa imefika kwao katika chombo kilichofungwa vizuri. Waliiandaa kwa ajili ya darubini ya elektroni, wakaona juu yake nyuzinyuzi 11 zenye umbo la bakteria. Baada ya wiki moja zikawa 147. Zikaongezeka, kisha zikapungua, kwa mwendo uleule wa bakteria wa duniani wanaopata chakula halafu kikawaishia. Walikuwa ni wa kwetu, waliingia wakati wa maandalizi. Jiwe ambalo halijawahi kukutana na kiumbe chochote kwa miaka bilioni nne na nusu lilikaliwa ndani ya siku chache. Kwangu, hiyo peke yake yatosha kueleza kwa nini watu walisafiri hadi kule, wakaleta mawe yakiwa yamefungiwa ndani ya naitrojeni safi, na wakaacha sehemu kubwa bila kuigusa.

Kazi ya maabara haina mbwembwe. Unachukua miligramu chache za unga mweusi. Kwa Ryugu, sampuli ya asidi amino ilikuwa na uzito usiofika miligramu 20. Unautia katika kijitungi cha kioo kilichochomwa kwanza katika tanuri la nyuzi joto 500 ili kaboni yote iliyokuwa juu yake iungue. Unaongeza maji safi kupindukia, unafunga mdomo wa kioo kwa moto, unaacha kwa saa 24 katika nyuzi 100. Maji hayo yanakusanya kila kinachoyeyuka. Sehemu moja unaipima hivyohivyo, nyingine unaipitisha katika asidi ya haidrokloriki ili molekuli zilizofungamana na nyingine ziachane. Kisha unaongeza kemikali inayoziwekea asidi amino alama ya mwanga, unazipitisha kwenye kromatografia, mtambo unaozitenganisha moja na nyingine, na mwishoni mashine inapima uzito wa kila molekuli. Pembeni yake kuna kijitungi kingine kilichopitishwa katika hatua zote hizohizo, ila badala ya unga wa asteroidi kina madini yaliyochomwa. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Kinachoonekana ndani yake ni uchafu wako mwenyewe, na usipouonyesha msomaji, sina sababu ya kukuamini.

Sasa orodha, niipite kwa haraka. Ryugu ilitoa fomula zipatazo 20,000 za molekuli zinazoyeyuka, asidi amino 15 katika ripoti ya mwanzo, urasili kwa kiwango cha sehemu 6 hadi 32 kwa kila bilioni, na niasini, yaani vitamini B3. Bennu, kwa mujibu wa ripoti ya Januari 2025 iliyoongozwa na Daniel Glavin na Jason Dworkin wa NASA, ilitoa asidi amino 33, zikiwemo 14 kati ya zile 20 zinazojenga protini zetu, na besi zote tano za DNA na RNA: adenini, guanini, sitosini, thaimini na urasili. Aina za molekuli zilizo na naitrojeni zilikaribia 10,000. Desemba 2025 kundi la Yoshihiro Furukawa wa Chuo Kikuu cha Tohoku liliongeza raibosi na glukosi. Kumbuka kwamba hivi vyote ni sehemu ndogo. Kaboni ni zaidi ya asilimia 4 ya uzito wa unga wa Bennu, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo katika mgando mweusi usioyeyuka kwa maji wala kwa asidi, ambao hauna jina la kuvutia, na kwa hiyo hauandikwi magazetini.

Unajuaje, basi, kwamba asidi amino hizo hazikutengenezwa na kiumbe? Hapa ndipo ninapopapenda. Uhai huchagua. Kemia isiyo na uhai haichagui. Chukua asidi amino zenye kaboni nne na kundi moja la amini. Kwa kupangapanga atomi zilezile unaweza kupata miundo mitano. Kiumbe hai hutumia michache kwa kazi maalumu, mmoja wake ukiwa GABA inayopitisha ishara katika ubongo, na mingine haijishughulishi nayo sana. Kwenye asteroidi unaikuta yote mitano. Ukiongeza kaboni moja, miundo inakuwa mingi zaidi na grafu ya mashine inaonyesha msitu wa vilele, kila kilele kikiwa molekuli yake. Tena kiasi chake hupungua kwa utaratibu: molekuli ndogo ndizo nyingi, na kila kaboni inapoongezeka kiasi kinashuka. Glaisini, iliyo rahisi kuliko zote, ndiyo inayoongoza. Protini za bakteria hazina sura hiyo hata kidogo. Kwa hiyo mtu anapofurahi kwamba zimeonekana 14 za protini, mimi macho yangu yako kwenye zile 19 nyingine ambazo protini hazina habari nazo. Zikikosekana hizo, ningeshuku kidole cha mtu.

Jambo la pili ni isotopu. Naitrojeni iliyomo katika molekuli za Bennu ina naitrojeni-15 nyingi kuliko ya hewa yetu. Utajiri wa namna hiyo hutokea mahali penye baridi kali, kwenye wingu la gesi lililotangulia jua au katika pembezoni za mfumo wa jua uliokuwa bado unajengeka. Uchafu wa duniani hauwezi kughushi alama hiyo.

La tatu ni mikono, na hapa Bennu imetushangaza kikweli. Asidi amino nyingi zina maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kushoto na wa kulia: atomi zilezile, vifungo vilevile, lakini moja haiwezi kulala juu ya nyingine ikalingana. Protini za viumbe vyote tunavyovijua hutumia za kushoto. Kwa nini za kushoto? Kwa miongo kadhaa tulikuwa na jibu lililotupendeza. Katika Murchison, asidi amino iitwayo isovalini, ambayo ni adimu kwa viumbe na hivyo si rahisi itokane na uchafu, ilikuwa na ziada ya mkono wa kushoto iliyofika takriban asilimia 18. Mwaka 2009 Glavin na Dworkin hao hao walionyesha kwamba kadiri jiwe mama la kimondo, yaani mwamba kilikomeguka, lilivyolowana na maji zamani zile, ndivyo ziada hiyo ilivyokuwa kubwa. Picha ikakamilika: vimondo vilimimina duniani asidi amino zilizoelemea kushoto, na uhai ukafuata mkondo.

Bennu na Ryugu zote mbili zimelowana sana. Madini yake mengi ni ya udongo wa mfinyanzi, ambao hautengenezeki bila maji. Kwa hiyo kama picha ile ilikuwa sahihi, hapa ndipo ziada ingepaswa kuwa ya kutajika. Vilele vikatoka kwenye kromatografia viwiliviwili, cha kulia na cha kushoto, kwa urefu uleule. Nusu kwa nusu, isovalini ikiwemo. Ryugu ilikuwa imeshadokeza hivyo, lakini ungeweza kuisingizia uchache wa sampuli. Sasa zimekuwa asteroidi mbili, zilizochukuliwa na nchi mbili kwa vyombo tofauti, na jibu ni moja.

Maana yake nini? Sisemi kwamba vipimo vya Murchison vilikosewa. Vimerudiwa na watu wengi kwa njia nyingi. Lakini wazo kwamba anga ndiyo iliyoamua mkono wetu limepoteza uzito, na nadhani wenzangu wengine wanachelewa kulikubali kwa sababu tu lilikuwa wazo zuri. Huenda vimondo vichache vilikuwa na hali za pekee. Huenda ziada iliyomo ndani yake ina chanzo ambacho bado hatujakitenganisha na mazingira ya duniani. Mimi kwa sasa naegemea upande wa wanaosema uteuzi wa mkono ulifanyika hapahapa duniani, baada ya malighafi kufika.

Kitu kingine ambacho ni vigumu kimondo kutupa ni chumvi. Timu ya Timothy McCoy wa makumbusho ya Smithsonian ya Marekani na Sara Russell wa makumbusho ya historia ya asili ya London ilikuta kwenye Bennu madini 11 yanayojengeka maji ya chumvi yanapokauka kidogo kidogo: fosfeti za sodiamu, kaboneti, chumvi ya kawaida, na magadi. Chumvi za aina hii hunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka. Kimondo kikikaa nje kidogo tu, zinapotea, na mtafiti wa baadaye hana hata dalili kwamba ziliwahi kuwepo. Kwa kuwa unga wa Bennu haukukutana na hewa yetu, ndiyo maana tunazo.

Pamoja na chumvi kulikuwa na amonia nyingi ajabu, nyingi kuliko ile ya Ryugu kwa mbali. Amonia huruka, kuikuta kwa wingi kunaonyesha kwamba jiwe mama la Bennu lilijengeka mbali na jua, mahali ambapo amonia ilikuwa barafu. Baadaye joto la vitu vyenye mnururisho ndani ya jiwe likaiyeyusha barafu. Amonia iliyochanganyika na maji huzuia maji yasigande hata baridi inapozidi, kwa hiyo vidimbwi vya chumvi vingeweza kubaki majimaji kwa muda mrefu ndani ya mwamba. Katika maji hayo, amonia, sayanidi ya haidrojeni na formaldehidi zikikutana zinatengeneza asidi amino kwa njia ambayo wanakemia wameijua tangu karne ya 19. Formaldehidi, nayo ikiachwa na maji, huungana yenyewe kwa yenyewe ikatoa sukari. Maji yakipungua, kila kilichobaki kinakaribiana zaidi na mwenzake. Na fosfeti, ambayo RNA haiwezi kujengwa bila hiyo, ilikuwa palepale.

Kuhusu raibosi, niseme neno moja la ziada. Raibosi ni sukari ya RNA. Sukari ya DNA, yaani dioksiraibosi, ilitafutwa Bennu na haikuonekana. Wanaoamini kwamba RNA ilitangulia DNA wamelifurahia jambo hili, na wana haki kiasi, kwa kuwa linaonyesha ni sukari ipi ilikuwa rahisi kupatikana. Ila tusiende haraka. Kuwa na raibosi, besi na fosfeti katika jiwe moja si sawa na kuwa na RNA. Kuunganisha besi na raibosi ndani ya maji ni moja ya kazi ngumu tunazozijua, maana maji yenyewe yanapendelea kuzitenganisha. Kwenye Bennu hakuna protini wala mnyororo wa RNA. Mfumo ulikuwa na malighafi, maji, joto na muda, ukafika ulipofika, kisha maji yakaisha na kila kitu kikasimama.

Nikiulizwa ningependa kuona nini kwenye ripoti zijazo, ningetaja isovalini kwanza: ipimwe tena, kwa sampuli kubwa zaidi, kutoka vijiwe tofauti vya Bennu, kwa sababu tayari inaonekana kwamba vijiwe hivyo havifanani. Nafasi ipo. NASA imetenga angalau asilimia 70 ya unga huo kwa ajili ya watafiti wa baadaye, wakiwemo watakaokuja na mashine ambazo hazijabuniwa. China nayo ilirusha Tianwen-2 Mei 2025 kwenda asteroidi ndogo Kamoʻoalewa. Wapo wanaodhani asteroidi hiyo ni kipande kilichomeguka mwezini. Ikiwa ni hivyo, kwa fani yangu haitakuwa na mengi, na nitakachokimbilia kwanza katika ripoti yake ni jedwali la sampuli tupu.